Mimi ni Ijumaa

Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, na kisiwa kizima kilimwita Katibu. Ukatibu wenyewe alishika mwaka mmoja tu, ule wa mwanzo, kwa sababu siku ya kuchagua viongozi kila mtu alitazama chini. Akasema, "Haya, nipeni mie, mtanitoa nikishindwa." Mwaka wa pili akajitoa mwenyewe, lakini jina lilikuwa limeshaganda. Mimi ndiye niliyekuja kuwa katibu wa kweli, wa daftari na kalamu, na mpaka leo naitwa Mama Rehema. Katibu ni yeye.

Chama chetu ni cha wanawake wanaoosha maiti za wanawake. Huku Mbwera, kwenye visiwa hivi vya mikoko, zamani kazi hiyo walikuwa nayo bibi wawili, basi. Ukifa ukiwa mtu wa watu, mikono ishirini inagombania kata ya maji. Ukifa ukiwa mgomvi, au umekuja tu kufuata wakata mikoko na huna ndugu, unalala mpaka jua linakuwa utosini watu wanatafutana. Mmoja akasema ana mtoto anayenyonya, mwingine kiuno. Katibu aliwahi kumwosha mwanamke wa namna hiyo, yeye na bibi mmoja ambaye haoni vizuri. Alinihadithia mara moja tu, tukiwa tunapepeta mpunga. "Nilikuwa nikimgeuza peke yangu," alisema, "nikawa namwambia, samahani mwenzangu, samahani." Halafu akaendelea kupepeta.

Hapo ndipo chama kilipoanzia. Lakini hakuita mkutano kesho yake. Alipita nyumba kwa nyumba mwaka mzima, kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Anakaa, anasaidia kuchambua mchele, anaondoka hajasema kitu. Mara ya tatu ndiyo anasema, "Mwanangu, wewe ungependa uoshwe na nani?" Mtu anataja. "Na huyo akiwa amesafiri?" Hapo unanyamaza. Akishakunyamazisha, anaaga.

Tulipofika wanawake ishirini na wanane akatugawa mafungu saba, wanne wanne, kila fungu siku yake. Ukifa Jumanne unaoshwa na Jumanne, uwe tajiri, uwe mlevi, uwe mama yake shehe. Kubadilishana siku kwa ajili ya mapenzi au chuki alikataza kabisa. "Siku ndiyo inayoosha," alikuwa akisema, "si mtu." Tukaacha kuitana majina kwenye mambo ya chama, tukawa tunaitana siku. Ungesikia kisimani, "We Alhamisi, umerudisha ndoo yetu?" Watu wa boti waliotoka Mohoro kuleta bidhaa wakadhani tumechanganyikiwa.

Yeye alikuwa Jumatatu. Mimi ni Ijumaa.

Nikisema ukweli, Ijumaa tulikuwa mkia wa chama. Kila chama kina fungu kama letu. Tulikaa mbali, upande wa mashamba, tulikuwa na watoto wadogo, na mwenzetu mmoja alikuwa anaogopa maiti kiasi kwamba akiingia ndani anaanza kucheka. Cheko la woga, lakini wafiwa watajuaje?

Katibu alikuwa na tabia ya kupotea. Mambo yakishatulia, anafunga kitambaa chake, anapanda boti, anakwenda Mohoro wiki mbili. Hana ndugu huko, hana biashara. Sisi tulidhani anakwenda kupumzika. Kumbe anakwenda kukaa tu kwenye kibaraza cha mtu na kusubiri kuona kama tutakufa bila yeye.

Mara ya kwanza alipopotea, mwanamke mmoja akafariki alfajiri ya Ijumaa. Zamu yetu. Hatujawahi kuosha bila Katibu kusimama mlangoni. Tukatazamana. Mmoja akasema, "Twende tukamfuate." Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa yule anayebaki na maiti, tukaingia kwenye mtumbwi wote wanne. Ijumaa nzima! Hatukuangalia maji. Hatujafika hata nusu ya njia, maji yakapwa, mtumbwi ukakaa kwenye tope kama kuku juu ya mayai. Ukishuka unazama mpaka mapajani. Tukakaa pale, jua linapanda, wanawake wazima wanne na kanga zetu safi, mwenzetu anacheka, mimi namwambia, "Cheka vizuri, leo umepata pa kuchekea."

Tuliporudi na maji ya jioni, mama wa watu alikuwa ameshazikwa. Katibu alikuwa ametuwekea kanuni kwamba fungu la kesho ndilo mbadala wa fungu la leo, na Jumamosi waliikumbuka. Walituita, walipoona tumeyeyuka, wakaingia wakafanya kazi. Hawakumwita mtu. Nilikaa siku zote zile nikisubiri Katibu arudi atutukane. Akarudi, akashuka kwenye boti na sanduku lake la bati, akauliza tu, "Nani aliosha?"

"Jumamosi."

"Peke yao?"

"Peke yao, Katibu."

Akasimama kidogo pale kwenye tope la gatini. Alikuwa ameridhika, nilimwona. Lakini niliona na kitu kingine, ambacho wakati ule sikukijua jina. Akasema, "Haya. Na nyie Ijumaa nasikia mlikwenda kuvua?" Kisiwa kizima kikacheka, na mpaka leo mtu akichelewa jambo huku kwetu anaambiwa kavua Ijumaa.

Hakuwa na mtoto. Mume aliwahi kuwa naye, akaenda zake Lindi, asimtaje tena. Nyumba yake ilikuwa safi mpaka inatia huzuni, maana hapakuwa na wa kuichafua. Alipenda chai ya tangawizi kali inayochoma koo, alimwogopa mjusi, na alikuwa akisahau kandambili zake kwa watu. Wanawake walimheshimu sana, na heshima ikizidi hivyo watu hawaji kupiga soga. Ukimwona anakuja unakaa sawa, unafunga kanga vizuri. Shoga yake alikuwa mmoja tu, Bi Tatu, mpika vitumbua, mnene, mwenye mdomo mchafu. Bi Tatu ndiye pekee aliyemwambia, "We bibi, umetugeuza kalenda!" Na Katibu akacheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nieleze habari ya pipa.

Pembeni ya msikiti tuna kibanda, ndani yake kitanda cha kuoshea na pipa moja la maji. Maji ya mto wetu hupanda chumvi bahari ikijaa, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, ndiyo yanapanda kabisa. Kwa sheria maji ya chumvi yanafaa, shehe ametuambia mara nyingi. Lakini Katibu alisema sabuni haitoi povu, na nywele za mama wa watu zinabaki ngumu kama makuti. Kwa hiyo pipa lijazwe maji ya kisima, kisima cha mashambani, mwendo wa mtu kuchoka. Fungu la siku ndilo linalojaza, jua halijachomoza. Hata kama hafi mtu mwezi mzima, mnaangalia, mnajazia, maana jioni watu wa msikitini huyachota kwa kutawadhia. Na kukumbushana ni marufuku. "Ukimkumbusha leo," alisema, "kesho atakungoja."

Kila Ijumaa sisi tulipofika tulikuta pipa limejaa. Kila mmoja akadhani mwenzake amewahi. Sikuuliza. Mtu haulizi neema. Mpaka siku moja mtoto aliumwa, nikaamka mapema mno kumtafutia dawa, nikapita pale kabla ya adhana. Nikamkuta Katibu na ndoo kichwani, kanga imelowa mpaka kiunoni.

Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Katibu, leo si Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Wewe si Jumatatu?"

Akamimina ile ndoo taratibu, akalifunika pipa. "Usimwambie mtu, Mama Rehema." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekutwa jikoni anadokoa. Halafu akakaa kwenye kizingiti akasema, "Nawaambia wenzenu chama si mimi, nami najaza pipa lenu. Hiki si chama. Huyu ni mimi na ndoo." Akanyanyuka. "Basi. Leo ndiyo mwisho."

Mimi nilisikia. Naapa kwa Mola nilisikia kwa masikio yangu mawili. Lakini nilijiambia, Katibu huyu, hawezi kuacha pipa tupu. Sikuwaambia wenzangu, maana nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na maana, nikisema kweli, kunyamaza kulikuwa na usingizi mtamu ndani yake. Ijumaa iliyofuata pipa lilikuwa bado na maji. Ya pili lilikuwa nusu. Ya tatu alifariki Bi Tatu.

Tulipoinua kifuniko, kata iligonga chini, ikatoa mlio mkavu. Ilikuwa bamvua, mto umejaa chumvi. Kisimani kwenda na kurudi kina mama wanne na ndoo ni saa nyingi, na wanaume walishatoka kuchimba kaburi. Tukachota mtoni. Sabuni ikakataa kutoa povu. Nilimsugua Bi Tatu nywele, mwanamke aliyeniuzia vitumbua tangu naolewa, na nywele zikashikana mikononi mwangu.

Katibu alikuwa amekaa ukumbini kwa Bi Tatu na wafiwa, mkabala na kibanda chetu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale, na kila mtu alijua ana mitungi miwili ya maji ya kisima. Sisi tulimtazama, yeye alitazama mkeka. Hakuinuka. Wako waliosema siku ile kwamba yule si mtu, ni jiwe. Binti wa Bi Tatu hakumwamkia tena. Vibaraza vilivyokuwa vikimkaribisha kwa kukaa sawa sasa viliacha kumkaribisha kabisa.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba pipa lilikuwa langu. Nilikwenda kwake siku ya saba, nikapiga magoti, nikamwambia nitasema mbele ya watu. Akanikatalia.

"Ukisema wewe, watasema kosa ni la Mama Rehema. Watakuchukia wewe, basi, wamemaliza. Sasa hivi Ijumaa nzima hailali. Waache wasilale."

"Lakini wanakusema wewe, Katibu."

"Nasikia."

"Ungeleta maji yako…"

"Ningeleta. Na siku zote wangejua nitaleta." Hapo akafunika uso na upande wa kanga, na mimi nikatoka, maana aliniashiria kwa mkono nitoke.

Tangu siku ile pipa halijawahi kuwa tupu. Na tangu siku ile, kila Ijumaa baada ya watu kutoka msikitini, Katibu alikuwa akibeba mtungi mmoja wa maji ya kisima kwenda makaburini. Analimwagia kaburi la Bi Tatu lote, taratibu, kuanzia kichwani. Alidhani hakuna anayemwona.

Kusoma alinisukuma yeye. Wakati huo majina ya chama, zamu, na nani ameoshwa na nani, vyote vilikuwa kichwani mwake, na hakukosea hata siku moja. Ungemuuliza, angefumba macho, angekutajia. Siku moja akanijia shambani kwangu, nafukuza ndege kwenye mpunga, akasema, "Mama Rehema, kichwa hiki kikizikwa kitazikwa na majina yote. Shuleni kuna darasa la jioni. Nenda."

"Mie na watoto wanne, Katibu?"

"Watoto nitakaa nao mie."

Na akakaa nao. Kila siku baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, miaka miwili, alikuwa kwangu. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mpole, aliyeumwa na mbu wetu mpaka akatia huruma. Aliponiuliza nataka kujifunza kuandika nini kwanza, jina langu? Nikasema, hapana, mwalimu, majina ya Ijumaa. Alipojua ni ya kina nani akaweka chaki chini. "Mama, kumbe mimi nafundisha malaika wa kifo?" Nikamwambia, "Usiogope, mwalimu, tunaosha wanawake tu."

Nilipoweza, Katibu alikuja na daftari jipya, tukakaa wiki nzima. Anafumba macho anataja, mimi naandika, ulimi nje kama mtoto. Akanitajia na wote tuliokwisha kuwaosha, kila mtu na siku yake. Tulipofika kwa Bi Tatu akasema, "Ijumaa," akangoja mpaka kalamu yangu ikasimama, ndipo akaendelea. Mwisho akapitisha kiganja juu ya ukurasa, kama mtu anayepapasa nguo mpya. "Sasa naweza kusahau," akasema. Na kweli, akaanza kusahau. Kandambili kwanza, halafu majina.

Magoti yalipomshinda, mpwa wake alimchukua Kibiti. Tulimsindikiza kina mama wote, siku zote saba, na hakulia, alituuliza tu leo Jumapili wako wapi mbona watatu. Kutoka huko alipiga simu kila Jumapili baada ya Alasiri. "Kesho mimi sipo, ananishikia fulani." Ndiyo kanuni: ukikosa zamu, unatuma mbadala. Ukikosa mara tatu mfululizo bila kutuma, jina lako linasomwa mbele ya mkutano na kufutwa. Kanuni aliitunga yeye, na tumeshawasoma kumi na mmoja. Mmoja alikuwa wifi yangu.

Mwaka huu, baada ya mfungo, Jumapili moja simu haikuja. Nikakaa nayo mapajani mpaka Magharibi. Jumapili ya pili haikuja. Nikamuuliza mtu wa boti anayepeleka kaa Kibiti, akasema, "Yule bibi? Nimemwona jana, amekaa nje, mzima, anakunywa chai." Simu ilikuwa mkononi mwangu, namba naijua kwa moyo. Kumkumbusha mtu ni marufuku. Nilisali, nikaomba Mungu amkumbushe Yeye, maana Yeye hafungwi na kanuni zetu. Jumapili ya tatu haikuja.

Mkutanoni nilifungua daftari. Kina mama walishajua. Mkubwa mmoja wa Jumanne akasema, "Mama Rehema, huyo si mtu wa kusomwa."

"Kwa nini?"

"Ah! Kwa nini! Ndiye aliyetuzaa hapa."

Mwingine akasema, "Ruka tu, shoga, nani atakuuliza?"

Nikamwona moyoni Katibu wa siku ile, amekaa ukumbini kwa Bi Tatu anatazama mkeka. Nikasoma. Jina lake kamili, ambalo wengi wa vijana hawakuwahi kulisikia, wakawa wanaulizana huyo ni nani. Nikalipigia mstari. Mstari ukaenda mshazari.

Aliyesomwa huambiwa uso kwa uso, nayo ni kanuni. Kwa hiyo nilipanda boti mpaka Mohoro, nikadandia bodaboda hadi lami, na gari la kwenda Kibiti. Nilimkuta uani kwa mpwa wake, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mabati na mifuko ya saruji. Amepungua. Watu walipita mbele yake wakichagua misumari, hakuna aliyemwamkia.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Ijumaa huyo! Umekuja kuvua?"

Tukacheka. Akaniagizia chai, tangawizi ikanichoma koo, na nilishukuru, maana machozi yakapata kisingizio. Nikaweka kikombe chini.

"Katibu, tumekusoma."

Mtu dukani alikuwa anakata bati, Katibu akangoja amalize.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Nani alisoma?"

"Mimi."

"Kuna aliyekataza?"

"Wawili watatu."

"Ukasoma hivyo hivyo." Akatikisa kichwa polepole. "Sikusahau, Mama Rehema. Mengine nasahau, Jumapili sisahau. Simu nilikuwa nayo hapa, nikawa naikalia. Nikasema, ngoja niwaone." Akatazama ile mifuko ya saruji. "Halafu ile ya tatu ilipopita, nikawa naomba mniache. Usiku na mchana naomba, Mola awalegeze wale wanawake wanione huruma. Unaona mtu alivyo?"

Nilimshika mkono. Mikono yake bado ilikuwa baridi na laini, kama ya watu wa kazi yetu.

"Nikifa watanirudisha Mbwera," akasema. "Nimeshamwambia mpwa wangu. Nikifika Jumanne, nani?"

"Jumanne wote wapya, Katibu. Yule mkubwa peke yake ndiye unayemjua. Anaongoza Salha."

"Salha wa nani?"

"Humjui. Ameolewa juzi juzi tu, katokea Mloka."

"Anajua kumsuka maiti nywele misuko mitatu, hazivutiki?"

"Mikono yake myepesi kuliko yangu."

"Ulimfundisha wewe?"

"Hapana. Kafundishwa na mwenzake wa Jumanne. Naye huyo humjui."

Akarudia taratibu, "Simjui, na aliyemfundisha simjui." Akaegemea kile kiti cha plastiki, kikalia. "Basi, mwanangu. Basi." Nikamsubiri aseme kingine. Akasema, "Nenda, maji yatakupwelea tena njiani."

Alinisindikiza mpaka kwenye geti la duka, amenishika bega, hatua moja moja. Nilipogeuka barabarani alikuwa amesimama pale bado, hajainua mkono, ananitazama tu kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Kuomba kubadilishiwa siku siwezi. Kama ataletwa Jumanne atakuwa wa Salha, nami nitakaa ukumbini nitazame mkeka. Lakini kila Ijumaa naamka kabla ya adhana, nakwenda kisimani na ndoo yangu, na njiani namwomba Mungu jambo ambalo nalionea haya kulitamka. Siku ni Zake, anazigawa Yeye. Mimi ni Ijumaa. Najaza pipa mpaka linamwagika, nafunika, nangoja jua.